Chati zinaganda? Namna ya kuongeza RAM na SSD kwenye laptopu ya kutredi

Maswali ni yaleyale, wanabadilika waulizaji tu. "Fundi, MT4 inaganda, ninunue laptopu nyingine?" "Kaka, niweke RAM ngapi?" "Eti nikitafuta yenye kadi ya michoro ya gemu, chati zitakimbia?" Kujibu kipande kipande kwa sauti za WhatsApp kumenichosha, kwa hiyo naandika yote hapa. Atakayeuliza tena nitamtumia hii. Kwa mgeni: MT4 na ndugu yake MT5 ni programu za kutazama chati za bei na kutredi, yaani kununua na kuuza fedha za kigeni na dhahabu.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: laptopu nyingi zinazoletwa mezani kwangu hapa Mtwara kwa lalamiko la chati nzito hazina shida ya prosesa. Zina hadidiski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka ndani, na RAM (kumbukumbu ya muda ya kazi inayoendelea) ya GB 4. Badili hadidiski iwe SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ongeza RAM ifike GB 8 au 16, na mashine uliyotaka kuiuza itakufaa kwa muda mrefu tu. Halafu kuna uzito mwingine ambao hautoki kwa bisibisi, unatoka kwa kurekebisha programu yenyewe, bure. Ndiyo maana hatua mbili za mwanzo hazina cha kununua. Usiziruke.

Najua pia malipo ya korosho yakiingia mkono unawasha. Vijana wanashuka kutoka Newala na Tandahimba na hela mfukoni, wanarudi na laptopu ya gemu yenye taa nyekundu kwenye kibodi. Ni mashine nzuri, sibishi. Ila kadi ya michoro uliyoilipia humo, MT4 na MT5 haziigusi kwa maana yoyote utakayoihisi: mishumaa (vijiti vya bei kwenye chati) na mistari ni michoro miepesi, na kazi nzito ni ya prosesa, RAM na diski. TradingView, tovuti ya chati, ndani ya Chrome hutumia kadi ya michoro kidogo, lakini ile iliyomo ndani ya prosesa za kawaida za Intel inaitosha.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Bisibisi ndogo ya nyota, PH0 na PH1. Kubwa itakula vichwa vya skrubu.
- Kadi ya plastiki ya zamani ya kubandulia mfuniko. Usitumie kisu.
- Kebo ya USB kwenda SATA, kama utahamisha Windows yako ilivyo.
- Flashi ya GB 8 au zaidi, kama utaweka Windows upya.
- Diski ya nje au flashi nyingine ya kuhifadhi mafaili yako.
- Brashi laini, pesti ya joto ya prosesa, na alkoholi ya isopropili kidogo.
- Kitambaa kikavu. Kwa joto letu la Januari na Februari jasho la kidevuni linadondoka moja kwa moja kwenye bodi, na jasho lina chumvi.
- Karatasi ya kupangia skrubu. Chora umbo la laptopu, kila skrubu iweke palepale ilipotoka, maana hazilingani urefu.

Na siku: fanya Jumamosi. Soko la fedha za kigeni kwa saa zetu hufungwa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, na hufunguka usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Una siku mbili za kuharibu na kutengeneza. Kama kuna oda utaiacha wazi wikiendi, hakikisha ina SL na TP (bei za oda kujifunga yenyewe, kwa hasara au kwa faida), kwa sababu hizo zinakaa kwenye seva ya broka, kampuni inayopitisha oda zako, hata laptopu ikiwa vipandevipande. Ile SL inayojisogeza yenyewe kufuata bei haiko hivyo. Inaendeshwa na programu iliyo kwenye mashine yako, na mashine ikizimwa nayo inasimama. Roboti, yaani programu inayotredi yenyewe, ni vilevile.

Hatua ya 1: Pima wakati wa kazi halisi

Kupima laptopu iliyotulia usiku hakukwambii kitu. Subiri soko la London lifungue, saa nne asubuhi kwetu wakati wa kiangazi chao au saa tano wakati wa baridi yao. Fungua kila unachofunguaga: MT4 za mabroka wote, Chrome na vichupo vyake, Telegram, YouTube ya pembeni. Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Nenda Performance, iache kwa dakika chache huku ukibadilisha chati kutoka M5 kwenda H1 kwenda D1 (mshumaa wa dakika 5, wa saa moja, wa siku moja), halafu soma mambo matatu.

Disk. Ikigonga asilimia 100 na kubaki huko, na pembeni imeandikwa HDD (hadidiski), umeshampata mchawi wako. Hadidiski ya kuzunguka husoma kiasi cha MB 100 kwa sekunde ikiwa na hali nzuri, na ikidaiwa mafaili madogomadogo mengi kwa pamoja hushuka mbali chini ya hapo. SSD ya SATA hufika karibu MB 550, na mafaili madogo hayaisumbui. Historia ya bei, kumbukumbu za programu na akiba ya Chrome ni mafaili ya aina hiyo hasa.

Memory. Ikivuka asilimia 85 wakati wa kazi, RAM haitoshi. Windows inaanza kuhamishia vitu kwenye diski ili ipate nafasi, na kama diski ni HDD basi matatizo mawili yameoana. Hapo ndipo unabofya chati na kusubiri mpaka mshumaa mpya umeshazaliwa.

CPU. Hapa wengi wanadanganyika. Wanaona asilimia 25, wanasema prosesa haina kazi. Angalia ina nyuzi ngapi, yaani njia za kufanyia kazi kwa wakati mmoja. Imeandikwa Logical processors. Kama ni nne, uzi mmoja uliojaa kabisa unasomeka asilimia 25 ya jumla. Kama ni nane, unasomeka 12 au 13. Na programu za chati zinapenda kujazana kwenye uzi mmoja: MT4 huendesha indiketa zote (programu ndogo zinazochora hesabu juu ya chati) kwenye uzi uleule unaochora dirisha, na MT5 huendesha indiketa zote za jozi moja ya sarafu, kama EURUSD, kwenye uzi mmoja hata zikiwa kwenye chati tofauti. Yaani jengo lina mafundi wanne, mmoja anabeba matofali, watatu wamekaa kivulini. Bofya grafu kwa kitufe cha kulia, chagua Change graph to, halafu Logical processors, uwaone mmojammoja.

Andika namba hizo kwenye karatasi. Utazihitaji mwishoni kulinganisha, la sivyo utabaki kusema "naona kama imekuwa nyepesi".

Hatua ya 2: Punguza mzigo bila kutoa senti

Ndani ya MT4 au MT5 nenda Tools, Options, kisha Charts. Utaona Max bars in chart. MT5 mpya huja na 100,000, na kuna watu wameweka isiyo na kikomo kwa sababu kuna mtu YouTube alisema. Kwa kutredi kawaida weka 10,000 au hata 5,000. Indiketa nyingi zikianza hupiga hesabu za mishumaa yote iliyomo, kwa hiyo ukipunguza hapo umepunguza kazi yote. Funga programu, ifungue tena, ndipo badiliko lishike.

Kwenye Market Watch, bofya kulia, chagua Hide All. Zitabaki jozi zenye chati wazi tu. Mtu anatredi dhahabu na EURUSD, lakini ana orodha ya jozi mia zinazopokea bei kila sekunde!

Sasa indiketa. Zitoe zote kwenye chati moja, uone kama inakuwa nyepesi. Kisha rudisha moja moja. Kwa kawaida mhalifu ni mmoja, na mara nyingi ni ile ya bure iliyotumwa kwenye kundi, yenye mishale mingi na dashibodi ya rangi, inayopiga hesabu upya kila bei inaporuka. Hakuna RAM itakayoirekebisha hiyo. Ifute.

Kama unatumia TradingView, fungua mipangilio ya Chrome, sehemu ya System, uhakikishe matumizi ya kadi ya michoro yamewashwa. Funga vichupo usivyovitazama.

Rudia vipimo vya Hatua ya 1. Kuna watu wataishia hapa, na sioni ubaya.

Hatua ya 3: Jua mashine yako inapokea nini

Hapa ndipo hela nyingi hupotea, kwa sababu RAM za laptopu zinafanana kwa macho na hazibadilishani. DDR3 na DDR4 ni vizazi vya RAM, na DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4. Pengo la chini liko mahali tofauti, na DDR3 ina pini 204 wakati DDR4 ina 260. Hilo angalau utalihisi kwa mkono. Mtego ni DDR3 na DDR3L. Zinaingia sloti moja bila kelele, ila DDR3 ya kawaida inataka volti 1.5 na DDR3L inakwenda kwa volti 1.35. Laptopu nyingi za Intel za kizazi cha 4 na cha 5 zinataka yenye L. Ukiweka isiyo na L, taa inawaka, feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi, na wewe unaanza kumlaumu muuzaji.

Soma stika ya RAM iliyomo sasa. Utaona kitu kama 4GB 1Rx8 PC3L-12800S. PC3L maana yake ni DDR3L; PC4 ni DDR4. 12800 ni kasi, sawa na MHz 1600. Herufi S ya mwisho inaonyesha ni ya laptopu. Hiyo piga picha, nenda nayo dukani.

Kizazi cha prosesa kinasomeka kwenye jina lake: i5-4300U ni cha 4, i5-8250U ni cha 8.

Task Manager kwenye Memory itakuonyesha Slots used. Ikiandika 1 of 2, una sloti tupu, hongera. Ikiandika 2 of 2 na kila moja ina GB 2, zote zitatoka. Usiiamini asilimia mia lakini. Laptopu nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na hiyo haiongezwi na mtu yeyote. Fungua mfuniko utazame kwa macho kabla ya kulipa.

Diski ina maumbo mawili ya kujua. La kwanza ni SATA ya inchi 2.5, linakaa palepale ilipotoka hadidiski. EliteBook, Latitude na ThinkPad za mtumba za miaka ya 2012 hadi 2016 nyingi ni za hili. La pili ni M.2, kipande chembamba kama ubao wa pipi, na lenyewe lina aina mbili: SATA na NVMe. Sloti ya M.2 kwenye laptopu ya zamani huenda haipokei NVMe, au iliwekwa kwa ajili ya modemu ya laini ya simu tu. Tafuta jina kamili la modeli yako mtandaoni pamoja na neno la mwongozo wa huduma, usome. NVMe ina kasi kubwa zaidi kwenye karatasi, lakini kwa chati hutaona tofauti kubwa na SATA. Mruko wa maana ni kutoka HDD kwenda SSD yoyote.

Mwisho angalia Settings, System, About. Kama Windows ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukimwaga RAM. Itabidi iwekwe ya biti 64. Na jambo hilohilo kwa programu: MT4 ilitoka mwaka 2005 na ni ya biti 32, kwa hiyo dirisha moja la MT4 haliwezi kuvuka GB 4. MT5 ya siku hizi ni ya biti 64. Anayeniambia anaweka GB 32 kwa ajili ya MT4 mbili, namwambia anunue GB 8, hela nyingine aweke UPS, betri ya akiba umeme ukikatika.

Hatua ya 4: Kununua

Nunua SSD kwanza, RAM baadaye, kama hela haitoshi vyote kwa pamoja. Isipokuwa kama Hatua ya 1 ilikuonyesha tayari una SSD.

GB 240 au 256 inatosha mtredi asiye na muvi. RAM: GB 8 kwa MT4 mbili tatu na Chrome, GB 16 kwa anayepima roboti kwenye MT5 au anayefungua vichupo kama duka. Kadi mbili za RAM zinazolingana zinafanya kazi pamoja kwa kasi kuliko moja kubwa, lakini tofauti si ya kukunyima usingizi.

Mjini hapa vinapatikana. Usipopata ulichopiga picha, utaagiza Kariakoo na kije kwa basi. Agiza mapema wakati wa masika. Waliokuwa wakisubiri mizigo Mei 2024, barabara ya Lindi kwenda Dar ilipokatika maeneo ya Somanga baada ya kimbunga Hidaya, wanaelewa. Mwambie muuzaji akutumie picha ya stika, si picha ya boksi. Na mwulize kabla hujalipa: "Bosi, ikikataa kuwaka narudisha?" Akianza kuzungukazunguka, hamia duka jingine.

Tahadhari ya SSD feki: ukiona SSD ya nje ya TB 2 kwa bei ya chipsi kuku wawili watatu, ndani kuna kadi ndogo ya simu iliyodanganywa ionekane kubwa. Pima kwa H2testw, inajaza diski yote na kusoma tena. SSD ya mtumba ipime kwa CrystalDiskInfo. Afya ikiwa chini ya asilimia 80 mimi siichukui.

Hatua ya 5: Hifadhi kilicho chako

Kwenye MT4 au MT5 bofya File, kisha Open Data Folder. Nakili folda nzima kwenda diski ya nje. Humo kuna templeti zako, mpangilio wa chati, indiketa na roboti. Rudia kwa kila broka, kwa sababu kila programu ina folda yake.

Andika kwenye daftari namba za akaunti, majina ya seva na nywila. Watu wanakumbuka kuhifadhi picha za harusi, wanasahau nywila ya akaunti yenye hela.

Kama BitLocker (kufuli la Windows la diski nzima) imewashwa, izime au chukua ufunguo wake wa kurejesha na uuandike nje ya mashine hiyo. Bila ufunguo huo, diski ikifungwa imefungwa, hakuna fundi wa kukusaidia.

Hatua ya 6: Hamisha Windows au weka upya

Chagua moja.

Kuhamisha: unganisha SSD kwa kebo ya USB, tumia programu ya kunakili diski. Kampuni nyingi kubwa za SSD zinaitoa bure kwa wateja wao. Clonezilla nayo ni ya bure, ila kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani. Ukitoka HDD ya GB 500 kwenda SSD ya GB 240 itakugomea hata kama umetumia GB 60 tu. Kagua mara mbili ipi ni chanzo na ipi ni kituo. Ukizigeuza, unanakili utupu juu ya kazi yako.

Kuweka upya: mimi ndiyo napendelea, hasa mashine ya mtumba ambayo hujui ilipitia kwa nani. Tengeneza flashi kwa programu ya Microsoft yenyewe. Faili ni la GB kadhaa, kwa hiyo subiri bando la usiku. Kubadili diski hakuondoi leseni ya Windows iliyosajiliwa kwenye bodi. Kuhusu toleo: huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Kwa hiyo kama bado hujanunua laptopu, anzia kizazi cha 8. Kama unayo ya zamani, iache na Windows 10 lakini usiifanye mashine ya kufungulia kila kiambatisho na kila programu iliyovunjwa kufuli.

Hatua ya 7: Fungua

Zima huku umeshikilia Shift, ili Windows izime kabisa. Chomoa chaji. Toa betri. Kama iko ndani, mara tu mfuniko ukitoka chomoa plagi yake kabla ya kugusa kingine chochote. Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi umeme uliobaki uishe. Gusa chuma chochote kilichofika ardhini. Unyevu wetu wa pwani unapunguza umeme tuli, hauumalizi.

Baadhi ya EliteBook za zamani zinafunguka kwa kusukuma kufuli kwa kidole. Nyingine zina skrubu kumi na zaidi, na moja hujificha chini ya mpira wa mguu. Mfuniko ukigoma, kuna skrubu umeisahau. Usivute.

Hatua ya 8: RAM

Sukuma vibanio viwili vya pembeni kwenda nje kwa kucha. Kadi itainuka yenyewe na kukaa mshazari. Ivute taratibu kwa kufuata mshazari huohuo. Kadi mpya ishike kwenye kingo, vidole visiguse meno ya dhahabu. Linganisha pengo la kadi na kijino cha sloti, ingiza kwa mshazari wa nyuzi 30 hivi mpaka meno ya dhahabu yanakaribia kupotea yote. Hapo wengi wanaacha mapema. Kama bado unaona ukanda mpana wa dhahabu, haijaingia. Ukisharidhika, ilaze chini mpaka usikie vibanio vimelia vyote viwili. Kimoja kikilia na kingine kimya, itoe uanze tena.

Hatua ya 9: SSD

Toa hadidiski na fremu yake ya chuma, hamishia fremu kwenye SSD, rudisha. SSD nyingi zina unene wa milimita 7. Kama nafasi ilikuwa ya milimita 9.5, weka fremu ya plastiki inayokuja ndani ya boksi isichezecheze. M.2 inaingia kwa mshazari kama RAM, kisha inalazwa na skrubu moja ndogo. Skrubu hiyo hukosekana mara nyingi kwenye mtumba, omba dukani kabisa.

Hatua ya 10: Vumbi na chumvi

Ukiwa umeshafungua, usifunge bila kusafisha feni. Prosesa ikipata joto sana inajipunguzia kasi yenyewe, na mtu anaona chati nzito saa nane mchana lakini nyepesi alfajiri. Shikilia pangaboi la feni lisizunguke, piga brashi, toa zulia la vumbi lililokaa kati ya feni na mapezi ya shaba. Kwa wanaokaa Shangani au Mikindani, upepo wa baharini unaacha ukungu wa chumvi. Ukiona ukijani kwenye viunganishi, futa kwa alkoholi na uache vikauke kabisa.

Pesti ya joto badili kama unaiona imekauka. Tone dogo kama punje ya mchele katikati, basi.

Hatua ya 11: Washa na kagua

Rudisha plagi ya betri, usifunge skrubu zote kwanza. Washa. Mara ya kwanza baada ya kubadili RAM mashine inaweza kukaa kimya kwa muda na hata kujizima na kujiwasha. Ipe dakika mbili. Ikifika Windows, angalia Task Manager kama GB zote zinaonekana na diski imeandikwa SSD. Kisha funga.

Pakua MT4 au MT5 kutoka tovuti ya broka wako mwenyewe. Usichukue ya kutumiwa na rafiki. Ingia, irudishie templeti na indiketa zako, na usirudishe ile indiketa uliyoifukuza Hatua ya 2. Jumatatu London ikifungua, rudia vipimo na uweke karibu na karatasi ya mwanzo.

Ikikataa

*Kioo cheusi, feni inazunguka.* Karibu kila mara ni RAM. Toa, futa meno kwa alkoholi, ingiza upya. Jaribu kadi moja kwenye kila sloti. Rudisha ya zamani. Ikiwaka, kadi mpya ni mbovu au si aina yake. Soma tena habari ya L hapo juu.

*Inaandika haioni diski ya kuwashia.* Ingia BIOS, mipangilio ya mashine kabla ya Windows, kwa kawaida F1 au F2 au F10 kulingana na kampuni, uone kama SSD imetajwa. Isipotajwa, haijakaa vizuri. Ikitajwa, ipandishe iwe ya kwanza. Kama ulinakili diski ya mtindo wa zamani, huenda BIOS imewekwa UEFI (mtindo mpya wa kuwasha) peke yake. Badilisha iwe Legacy.

*SSD ya GB 480 inaonyesha GB 240 tu.* Ulinakili diski ndogo. Fungua Disk Management, bofya kulia sehemu ya C, Extend Volume. Ikiwa imezimika, kuna kipande cha kurejeshea kimekaa katikati, na utahitaji programu ya kugawa diski.

*Saa imerudi nyuma miaka na tovuti zinakataa kufunguka.* Betri ndogo ya duara kwenye bodi imeisha. CR2032 mara nyingi, lakini kwenye laptopu huja na waya; chukua yenye plagi inayolingana.

*Inajizima ghafla baada ya nusu saa.* Joto. Plagi ya feni umeirudisha?

*Umeme ukikatika kompyuta ya mezani inazima na MT4 inapoteza chati.* UPS, hata ndogo. Kwenye laptopu, betri iliyokufa inakuweka katika hali hiyohiyo, na ni ya kubadilishwa kabla ya kufikiria RAM ya GB 16.

*Kila kitu ni chepesi lakini oda inachelewa, au bei inaganda wakati wa taarifa ya ajira ya Marekani.* Hiyo si laptopu. Taarifa hiyo hutoka saa tisa na nusu alasiri, au saa kumi na nusu wakati wa baridi yao, na seva za mabroka wengi huzidiwa huku spredi (tofauti ya bei ya kununua na kuuza) zikitanuka. Bofya pembe ya chini kulia ya MT4 au MT5 usome muda wa kufika seva kwa milisekunde. Seva nyingi ziko London au New York, na safari hiyo inapita nyaya za chini ya bahari. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, mwenye laptopu mpya na mwenye mtumba walikwama pamoja. Kwa chati za kutazama, jaribu laini ya mtandao mwingine hapo ulipo. Kwa roboti inayotakiwa isilale, kodi VPS (kompyuta ya mtandaoni isiyozimwa) iliyo karibu na seva ya broka, laptopu ibaki ya kuchungulia.